Magemu ya mtandaoni na watoto wetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Mtwara na Lindi

Mzazi akileta simu kwa fundi na kusema "nifutie hilo gemu", kazi inakwisha hata hajakaa kwenye benchi. Mtoto naye hachelewi kulirudisha: bando la rafiki, jioni moja tu, mambo yako palepale. Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, na ni mzazi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na wazazi wa Chikongola, Shangani na Mikindani, na wale wanaoshuka kutoka Tandahimba, Masasi na Lindi kufuata mahitaji yao mjini.

Gemu la mtandaoni la wachezaji wengi ni lipi? Mbona namuona mwanangu anacheza peke yake?

Unamuona peke yake kwa sababu wenzake hawako sebuleni kwako. Lile gemu la nyoka kwenye simu za kitochi lilikuwa la mtu na simu yake. Haya ya sasa yanamuunganisha mtoto na watu wengine walio hewani muda huohuo. Free Fire, ambalo ndilo ninalolikuta kwenye simu nyingi kwa kuwa linakubali hata simu ya bei ndogo, linashusha watu 50 kwenye kisiwa kimoja wapigane mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. PUBG Mobile ni mtindo huohuo, ila watu 100. eFootball na EA Sports FC Mobile ni mpira. Minecraft ni la kujenga na kuchimba. Roblox ni jukwaa lenye mamilioni ya vigemu vilivyotengenezwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo mzazi akiniuliza "Roblox ni salama?" siwezi kumjibu kwa neno moja. Inategemea mtoto kaingia wapi humo ndani.

Jina la gemu lisikushughulishe sana. Uliza kwanza kama humo ndani watu wanaweza kuongea, kwa maandishi au kwa sauti, na kama mgeni yeyote anaweza kumfikia mtoto wako. Ludo ya simuni yenye chati iliyo wazi inaweza kumletea mtoto matatizo makubwa kuliko gemu la bunduki ambalo maiki imezimwa na anacheza na watoto wa mtaani kwake.

Kuna faida yoyote ya kweli, au tunajifariji tu?

Zipo, na mzazi anayezikataa zote humfanya mtoto aache kumsikiliza hata kwenye yale ya maana.

Kaa karibu na watoto wanne waliopanga skwadi (kikosi) moja barazani, kila mmoja na simu yake, wanatumia hotspoti ya kaka wa mmoja wao. Utasikia: "Juma, kuna wawili nyuma ya nyumba ya bluu." "Usitoke, sina risasi." "Nani ana dawa? Nipe dawa, nipe dawa!" Wanagawana kazi na kuamua kwa haraka, na kosa linapotokea wanalaumiana hapohapo na kuanza upya. Wengine ni wapole darasani ambao mwalimu hajawahi kuwasikia wakitoa amri.

Halafu kuna urafiki. Watumishi wa serikali huhamishwa. Mtoto aliyetolewa Nachingwea akaletwa Mtwara katikati ya mwaka hana mtu shuleni, ila saa kumi na mbili jioni anakutana na wenzake wa zamani kisiwani. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa miguu, asiyekimbizana uwanjani na wenzake, gemu linaweza kuwa mahali pekee anapopangwa kwenye timu kwa uwezo wake.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2003 watafiti Green na Bavelier waliandika katika jarida la Nature kwamba wachezaji wa magemu ya mapambano walikuwa wepesi zaidi wa kuona na kufuatilia vitu vingi kwa wakati mmoja. Usiitafsiri kuwa atafaulu hesabu. Jicho jepesi halijui sehemu na desimali. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford walichukua rekodi halisi za muda wa kucheza za watu karibu 39,000 kutoka kwenye magemu saba, wakaona kwamba wingi wa saa peke yake hauna athari ya maana kwa furaha au huzuni ya mchezaji. Kilichokuwa na uzito zaidi ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda alikuwa na hali nzuri kuliko anayejiona kama analazimika. Wale walikuwa watu wazima, kwa hiyo usiutumie utafiti huo kumruhusu mtoto wa darasa la nne akeshe. Lakini hilo swali la sababu linafaa sana nyumbani: anacheza kwa sababu anafurahi, au kwa sababu asipoingia leo atapoteza zawadi ya kila siku?

Faida nyingine wazazi hunitajia kwa sauti ya chini: mtoto yuko nyumbani, anaonekana. Hiyo nayo tusiidharau.

Hatari kubwa kuliko zote ni ipi?

Kwa maoni yangu ni mgeni anayeongea na mtoto akiwa na subira. Pesa inafuata, kisha usingizi. Bunduki na damu, ambavyo wazazi huvitaja kwanza, naviweka chini ya hivyo vyote.

Mgeni wa aina hii haanzi na matusi. Anaanza na sifa: "dogo unajua sana". Anamchagua kwenye timu yake, anamtetea wengine wanapomtukana, anamtumia zawadi ya skini, yaani nguo au urembo wa bunduki ambao kwa mtoto ni fahari kubwa. Baada ya siku kadhaa anaomba wahamie WhatsApp au Telegram "tuongee vizuri". Huko hakuna mwangalizi wala kitufe cha gemu cha kuripoti. Ndipo linapokuja neno "usimwambie mtu", kisha ombi la picha, na picha ikishatumwa vinafuata vitisho: tuma nyingine, au tuma pesa, la sivyo nazisambaza.

Mama mmoja aliniletea simu akilalamika kuwa inajaa haraka. Tulipofungua gemu kutafuta kinachojaza nafasi tukakuta mazungumzo ya mtoto wa miaka kumi na moja na mtu mwenye picha ya katuni. Zawadi tatu zilikuwa zimeshatumwa, na ujumbe wa mwisho ulikuwa unaomba namba. Yule mtoto hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa amepata rafiki mkarimu, basi.

Kwa hiyo kabla ya kumkataza chochote mfundishe mambo haya, na myarudie mara nyingi: jina halisi, shule, mtaa na namba ya simu havitajwi kwenye gemu, anayetaka mhame gemu kwenda kuongea kwingine anaripotiwa kwa mzazi siku hiyohiyo, na mtu mzima anayesema "iwe siri yetu" ameshajitambulisha. Mwambie pia, na umaanishe, kwamba akikuletea habari hiyo hutamnyang'anya simu. Watoto wengi hunyamaza kwa hofu ya kunyang'anywa simu kuliko hofu ya yule mtu.

Vipi kuhusu kuua na bunduki? Hawezi kuwa katili?

Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilipitia tafiti na mwaka 2020 kikasema magemu ya vurugu yanahusiana kwa kiasi na ukali mdogo mdogo kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuyafunga na uhalifu wa kuumiza watu. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti uliofanywa Uingereza kwa vijana wa miaka 14 na 15 haukuona uhusiano wowote.

Mimi bado simpi mtoto wa miaka saba gemu la kupigana. Umri uliopendekezwa unaonekana kwenye Play Store ukurasa wa gemu lenyewe. Uangalie kabla ya kupakua, na ukiona namba ni kubwa kuliko miaka ya mwanao usijidanganye kwamba wako kapevuka mapema.

Daimondi, UC, Robux ni nini? Kwa nini anaomba pesa kila mara?

Magemu mengi ya namna hii unayapata bure. Kampuni inapata riziki yake kwa kuuza vitu vya ndani: daimondi za Free Fire, UC za PUBG Mobile, Robux za Roblox. Pesa halisi inabadilishwa kuwa pesa ya gemu kwanza, na hapo ndipo akili ya mtoto inapopotea, maana akinunua koti la daimondi 900 hajui ametumia shilingi ngapi. Hata mimi huwa nakaa chini na kalkuleta.

Mbaya zaidi ni masanduku ya bahati na magurudumu ya kuzungusha. Mtoto analipa bila kujua atapata nini. Ni sawa na kununua gunia la korosho lililoshonwa bila kupasua hata moja kuangalia ubora, halafu ukikuta mbovu unaambiwa nunua jingine. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya kulipia ya aina hiyo yanaangukia kwenye sheria ya kamari. Huku kwetu mtoto anazungusha tu.

Msimu wa korosho ndio wakati wa kuwa macho. Kuanzia Oktoba, minada ikianza na malipo yakianza kuingia, simu za wazazi zinakuwa na salio lisilokuwepo miezi yote ya nyuma. Mtoto anayejua namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, kwa kuwa ndiye huwa anatumwa kununua umeme, anaweza kutoa elfu mbili mbili mzazi asishtuke. Mara nyingi pesa hiyo haipiti hata kwenye duka la Google. Inatumwa kwa mtu aliyetangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba anauza daimondi kwa bei poa, unampa namba ya utambulisho ya mchezaji, naye anakuwekea. Wapo wanaoweka kweli, na wapo wanaopokea na kukublock.

Badilisha namba ya siri. Usimtume mtoto kulipia kitu kwa simu yako usiposhika wewe mwenyewe. Ukiamua kumnunulia, na si dhambi, panga kiasi kwa mwezi kama unavyopanga hela ya kula shuleni, kikiisha kimeisha.

Na hizo linki za "daimondi za bure"?

Wizi mtupu. Hakuna kampuni inayogawa daimondi kwa kujaza fomu. Linki inamtaka mtoto aingie kwa akaunti ya Facebook au Google, na kwa kuwa watoto wetu hutumia akaunti za wazazi, kinachoibiwa ni barua pepe yako, picha zako na namba zako zote. Vilevile zile programu zilizochezewa ili mtu aone adui kupitia ukuta hazitoki Play Store. Zinapakuliwa kutoka kwenye tovuti za ajabu na nyingine huja na virusi. Akigundulika anafungiwa akaunti, na hapo hana wa kumlilia. Meseji za kitapeli zinazoingia kwenye simu zitume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukihofia kuwa kitambulisho chako kimesajilia laini usizozijua, piga *106#.

Pesa zimeshakatwa. Zinarudi?

Kama zimepitia Google Play, omba kurudishiwa ndani ya saa 48. Ukichelewa unaelekezwa kwa kampuni ya gemu yenyewe. Kama zilitumwa kwa muuzaji wa mtaani, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu mara moja kabla hajazitoa. Baada ya hapo matumaini ni madogo.

Kampuni kubwa nazo hubanwa. Desemba 2022 Epic Games, wenye gemu la Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kurudishia wateja walionunua kwa kubonyeza vitufe vilivyopangwa kimtego, na zilizobaki zilihusu faragha ya watoto. Moja ya malalamiko ilikuwa kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi yaliwashwa tangu mwanzo hata kwa watoto. Kwa hiyo usidhani gemu likishapakuliwa limekuja likiwa limefungwa. Wewe ndiye wa kufunga.

Gemu na kubeti si kitu kimoja?

Ni vitu viwili tofauti. Kubeti ni michezo ya kubahatisha, kisheria ni kwa aliyetimiza miaka 18. Lakini mpaka umekuwa mwembamba: magemu ya bure huonyesha matangazo ya kubeti, na vijana wa mtaani huwekeana dau kwenye mechi ya eFootball. Ukisikia mwanao anataja mkeka au odi, maneno ya wabetiji, hayo ni mazungumzo mengine kabisa na yaanze leo.

Nikimwambia zima, anasema hawezi. Ni kiburi?

Mara nyingi anasema kweli. Haya magemu hayana kitufe cha kusimamisha. Akitoka katikati anawaacha wenzake watatu na pengo, wanamtukana, na gemu lenyewe linaweza kumpunguzia pointi au kumfungia kwa muda. Wewe unaona mtoto amekataa kwenda dukani, yeye anaona anawasaliti wenzake.

Jifunze urefu wa mechi. Ya Free Fire ni kama dakika kumi, ya PUBG Mobile inaweza kufika nusu saa. Badala ya "zima sasa hivi", sema: "Baba, hii ikiisha usianze nyingine." Hapo akianza nyingine, kosa ni lake na anajua. Nyumba kadhaa ninazozijua ugomvi wa jioni umepungua kwa sentensi hiyo peke yake. Na kama adhana ya magharibi iko karibu au chuoni wanamsubiri, usimruhusu aanze mechi dakika tano kabla. Hesabu ni ya kwako mkubwa.

Acheze saa ngapi kwa siku?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano: wa mwaka mmoja kushuka chini asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja, ikipungua ni bora. China ilikwenda mbali: tangu 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa magemu ya mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna sheria hiyo na sidhani tungeweza kuisimamia.

Mimi huanza hesabu kwenye usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Ondoa shule, chuo, kazi za nyumbani, kuchota maji, kucheza nje. Kinachobaki ndicho mgawane. Siku za shule hakitazidi saa moja. Wa darasa la saba Agosti ikifika, kibaki cha Jumamosi tu.

Adui mkubwa wa usingizi huku ni bando la usiku. Lina bei ndogo na gigabaiti nyingi, kwa hiyo kijana analala saa mbili, anaamka saa sita kulitumia, na asubuhi mwalimu anamuona anasinzia. Simu zilale chumbani kwako, chaja nayo pia.

Nitajuaje kama ameshakuwa teja wa gemu?

Mtoto kupenda sana gemu hakumfanyi mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na linataka mambo matatu yaonekane pamoja: ameshindwa kujizuia, gemu limepewa nafasi mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea hata madhara yakiwa wazi. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama mwaka mzima na iwe imeharibu shule, familia au afya yake.

Likizo hutoa kipimo kizuri. Wavulana wengi wa huku wakiingia jandoni wanakaa siku nyingi bila simu, wanatoka wanacheka na nyimbo mpya kichwani. Huyo hana ugonjwa. Anayekataa kula, anayeiba, anayeacha mpira alioupenda na marafiki aliokua nao, mpeleke akaongee na mtu: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Usianze na fimbo, na usianze kwa kuvunja simu. (Zilizovunjwa zinaletwa kwangu wiki inayofuata, na mzazi huyohuyo ndiye anayelipa kioo.)

Nifanye mipangilio gani kwenye simu?

Tenga nusu saa, mtoto akiwa pembeni yako, ili aone hufanyi kwa siri.

Mfungulie akaunti yake ya Google yenye mwaka wake halisi wa kuzaliwa, uiunganishe na yako kwa programu ya Family Link. Humo unaweka muda wa kila siku, saa ya simu kujifunga usiku, na kila gemu jipya linasubiri ruhusa yako. Kwenye Play Store, washa uthibitisho kwa kila manunuzi. Halafu ingia ndani ya gemu lenyewe, hatua ambayo wengi huiruka: zima maiki, au iweke isikike na kikosi chake tu; zuia maombi ya urafiki kutoka kwa wageni; muonyeshe namna ya kumfungia mtu na kumripoti.

Mwaka wa kuzaliwa una uzito kuliko unavyodhani. Mwishoni mwa 2024 Roblox ilianza kuzuia walio chini ya miaka 13 kutumiana ujumbe wa faragha nje ya vigemu bila mzazi kuruhusu, lakini mtoto aliyejiandikisha kuwa amezaliwa 1999 hakupata ulinzi huo.

Hana simu. Anachezea kwa rafiki au kwenye banda la PS (PlayStation).

Nenda ukalione banda. Angalia nani anakaa humo, wanacheza kwa pesa au kwa raha, linafungwa saa ngapi, na mwenye banda anawaruhusu wenye sare za shule saa za masomo? Mwenye banda akijua sura yako atamwangalia mwanao kwa jicho jingine. Kwa rafiki, ongea na mama yake. Mkikubaliana saa moja ya kuzima kwa nyumba zote mbili, watoto hawana pa kukimbilia.

Binti yangu anacheza. Wavulana wanamtukana akiwasha maiki.

Hilo lipo sana, na dawa yake haiwezi kuwa kumuondoa binti. Akacheze na skwadi ya watu anaowajua, binamu na wanafunzi wenzake, na atumie jina lisiloonyesha kuwa ni msichana kama mwenyewe anapenda. Anayetukana anafungiwa na kuripotiwa papo hapo bila kujibizana naye. Kwa mabinti ile habari ya mgeni mkarimu irudieni mara mbili zaidi.

Mtu amemwomba picha za utupu, au ameshazipata na anatishia. Nifanye nini?

Kwanza mkumbatie, usimpige. Usilipe chochote, maana anayelipwa mara moja anarudi. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini za jina la akaunti, namba ya utambulisho na vitisho, lakini picha yenyewe ya mtoto usiisambaze kwa mtu yeyote, hata kwenye grupu la familia kuomba ushauri. Kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, bila kujali nia yako. Beba simu ilivyo hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto na kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kisha mripoti mhusika ndani ya gemu na kwenye WhatsApp, baada ya ushahidi kuhifadhiwa.

Bando linaisha kwa sababu ya gemu?

Mechi yenyewe inakula kidogo. Kinachomaliza ni masasisho (update) ya gemu, ambayo ni mazito, na video za watu wanaocheza anazotazama YouTube na TikTok. Zima masasisho ya kujiendesha.

Mtandao ukikatika anapasuka kwa hasira. Ni kawaida?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima, na watu wazima walipandwa na hasira pia. Gemu linatuma kila hatua ya mtoto kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyo mbali sana na Mtwara na kusubiri jibu. Likichelewa, yeye anaona amepigwa risasi na mtu asiyemuona. Hasira ya dakika mbili iache ipite. Akirusha simu, gemu linasimama wiki moja.

Anasema atakuwa mchezaji wa kulipwa, shule ya nini.

Usimcheke. Mwaka 2019 kijana wa Marekani wa miaka 16, Kyle Giersdorf anayejiita Bugha, alishinda dola milioni tatu kwenye kombe la dunia la Fortnite. Mwambie pia kwamba waliofika fainali ile ya mchezaji mmoja mmoja walikuwa 100, kati ya mamilioni waliojaribu, na kwamba kutoka huku kwetu kila risasi yake inafika ikiwa imechelewa. Kisha muulize kama angependa kujua gemu linatengenezwaje. Roblox Studio ni ya bure, inahitaji kompyuta, na lugha yake ya programu inaitwa Luau. Shule au jamaa mwenye laptopu anaweza kumwanzishia. Hapo hesabu na Kiingereza vinapata sababu.

Mwanangu anaishi kwa bibi yake Newala. Bibi hajui simu. Nani atasimamia?

Bibi huyohuyo. Hahitaji kujua Family Link. Hiyo utaiendesha wewe kutoka Mtwara au Dar, ruhusa zitakuja kwenye simu yako. Yeye mpe mambo mawili. Gemu lichezwe ukumbini au barazani, si chumbani na mlango umefungwa, tena bila spika za masikioni ili asikie nani anaongea na mjukuu wake. Na baada ya sala ya isha simu iende kwake. Aipokee mjukuu akishamwamkia "shikamoo bibi", aifunge kwenye kanga, aiweke chini ya mto. Ukimpigia jioni usiulize tu kama mtoto amekula. Uliza: "Mama, leo alikuwa anaongea na nani kwenye hiyo simu?" Kama ni sauti ya mtu mzima, atakuwa ameisikia.